Picha za Serikali Zilizoisema Serikali

Katika Maktaba ya Bunge la Marekani, jijini Washington, zimehifadhiwa picha nyingi za miaka ya 1930 zenye doa jeusi la mviringo. Kwenye picha moja doa limeangukia uso wa mtu, kwenye nyingine limekaa angani juu ya shamba kama jua lililoungua. Anayeziona kwa mara ya kwanza hudhani filamu imeoza. La hasha. Doa hilo ni kazi ya panchi, kile kifaa cha ofisini cha kutobolea karatasi za faili. Tundu kwenye negativi hupitisha mwanga wote, hivyo picha inaposafishwa, pale palipotobolewa hutoka weusi mtupu. Picha ya namna hiyo haiwezi tena kwenda gazetini.

Aliyeamua ipi itobolewe na ipi isalimike alikuwa Roy Stryker, mtumishi wa serikali ambaye yeye mwenyewe hakuwa mpiga picha. Tangu mwaka 1935 hadi 1943 aliongoza ofisi ndogo iliyotuma watu wenye kamera katika kila pembe ya Marekani wakapige picha za wakulima waliofilisika, vibarua wa msimu, wachimba makaa ya mawe na familia zilizohamia barabarani na magodoro juu ya gari. Kazi hiyo, pamoja na ya ofisi iliyoirithi wakati wa vita, iliacha negativi zipatazo 175,000 za nyeusi na nyeupe, na picha zaidi ya 1,600 za rangi. Sura tunazozikumbuka kila unapotajwa Mdororo Mkuu wa Uchumi, nyingi zimetoka katika makabati hayo.

Zilipigwa kwa fedha za walipakodi ili kutetea sera, na hilo halikuwa siri. Lakini ukiipekua hifadhi yenyewe, ukaacha zile picha chache zinazorudiwarudiwa vitabuni, utakuta inamshitaki hata yule aliyeilipia.

Sera iliyokosa mtetezi

Franklin Roosevelt alipoapishwa kuwa rais Machi 1933, takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na ajira. Vijijini mambo yalikuwa magumu zaidi. Bei za pamba na ngano zilikuwa zimeporomoka, na katika nyanda za Oklahoma, Kansas na Texas ukame ulikuta nyasi za asili zilizoshika udongo zimeshalimwa. Upepo ukaubeba udongo huo. Jumapili ya tarehe 14 Aprili 1935 dhoruba ya vumbi iligeuza mchana kuwa usiku. Familia nyingi zilikuwa zimeshaanza kufungasha kuelekea California, ambako ilisemekana matunda na mboga vilihitaji mikono ya kuchuma.

Wiki chache baada ya dhoruba hiyo ikaanza kazi idara mpya, Resettlement Administration. Ilikuwa na jukumu la kuwakopesha wakulima maskini, kuwahamisha kutoka ardhi iliyochoka na kuwajengea vibarua wa msimu kambi zenye maji na vyoo. Mwaka 1937 ilibadilishwa jina kuwa Farm Security Administration, kwa kifupi FSA. Mkuu wake wa kwanza, Rexford Tugwell, mchumi wa Chuo Kikuu cha Columbia, alishambuliwa tangu mwanzo, na wapinzani hawakuchelewa kumpachika ukomunisti. Wenye mashamba makubwa walikuwa na sababu ya kuichukia idara: kibarua mwenye mahali pa kulala na deni nafuu hawezi kuburutwa kwa ujira wowote unaomjia bosi kichwani. Nao wapigakura wa mijini hawakuwahi kukanyaga nyumba ya mkulima wa Alabama, wakaona pembejeo alizokopa na hesabu ambayo kila mwisho wa msimu humwonyesha kuwa bado anadaiwa.

Watu hao walihitaji kuona. Tugwell akamwita Stryker, mwanafunzi wake wa zamani aliyekuja kufundisha naye pale Columbia, na ambaye alikuwa amemtafutia picha za kitabu chake cha uchumi. Stryker akapewa kitengo, bajeti finyu na uhuru mkubwa kuliko ilivyotarajiwa. Picha zikawa zinatolewa bure kwa gazeti lolote, jarida lolote, maonyesho yoyote yaliyozitaka.

Kasome pamba kwanza

Waliopita katika ofisi hiyo ndio baadaye walikuja kufundishwa vyuoni kama magwiji: Walker Evans, Dorothea Lange, Arthur Rothstein, Ben Shahn, Russell Lee, Marion Post Wolcott, Jack Delano. Kwa wakati mmoja hawakuwa wengi. Mmojawao, John Vachon, aliingia mwaka 1936 kama tarishi, kazi yake kunakili maelezo nyuma ya picha za wenzake. Baada ya kuandika maelezo mengi ya watu wengine, akaazima kamera, akajifunza, na akaishia kutumwa safarini kama wao.

Stryker alikuwa mwalimu, na aliwaendesha kama wanafunzi. Kisa kinachosimuliwa sana ni cha Carl Mydans, aliyekuwa tayari kuondoka kwenda Kusini kupiga picha za pamba. Mabegi yamefungwa, safari iko mlangoni. Stryker akamuuliza anajua nini kuhusu pamba. Mydans akakiri kwamba hajui la maana. Safari ikaahirishwa, wakakaa, Stryker akamweleza habari za pamba siku nzima hadi usiku: nani analima, nani anakopesha, nani ananunua, jinsi zao hilo lilivyojenga siasa za majimbo ya Kusini na jinsi linavyoua udongo. Mydans akaondoka kesho yake akijua anakwenda kutazama nini.

Waliokuwa tayari njiani waliandikiwa orodha za mambo ya kupiga. Moja, iliyotokana na mazungumzo ya mwaka 1936 na mwanasosholojia Robert Lynd, imejaa maswali. Jioni watu hufanya nini nyumbani? Matajiri wa mji mdogo hukutana wapi, na maskini je? Wanawake wana mahali pa kukutania kama wanaume, au wao ni jikoni tu? Mpiga picha aliyebeba maswali kama hayo hupiga kijiwe, kaunta ya duka, sahani zilizopangwa kabatini, kalenda ya ukutani. Ndiyo maana picha hizo bado zinasomeka leo, wakati hoja za bungeni zilizozizaa zimeshasahaulika.

Mama wa Nipomo

Hakuna picha ya ofisi hiyo iliyosafiri kuliko ile ya mama mwenye watoto wawili waliomlalia mabegani, wameficha nyuso, na kitoto kichanga mapajani. Dorothea Lange aliipiga Machi 1936. Zamani alikuwa na studio San Francisco, akiwapiga picha wenye uwezo, mpaka umaskini uliojaa mtaani ulipomtoa nje. Alichechemea tangu polio ilipompata akiwa na miaka 7. Pamoja na mchumi Paul Taylor, ambaye alikuja kuwa mumewe, walikuwa wameandika ripoti kuhusu vibarua waliomiminika California. Ripoti hizo, zenye picha ndani, zilisaidia kupatikana kwa fedha za kambi za kwanza za Marysville na Arvin. Kwa hiyo Lange alijua kwamba picha inaweza kuleta bomba la maji.

Siku hiyo alikuwa anarudi nyumbani kwenye mvua baada ya safari ndefu. Alipita kibao cha kambi ya wachuma njegere karibu na Nipomo, akaendelea na safari, kisha akiwa ameshakwenda mbali akageuza gari. Zao lilikuwa limeharibika kwa hali ya hewa, na vibarua waliokuja kulichuma wamekwama bila kazi wala chakula.

Negativi 5 za tukio hilo zimo Maktabani, na ukizipanga unaona picha inavyochongwa. Kwa mbali unaona turubai lote, na binti mkubwa ameketi kwenye kiti cha kubembea. Lange akasogea, na kusogea tena. Binti akatoka kwenye picha, kiti kikatoka, turubai likabaki kitambaa tu cha nyuma. Mwishowe akabaki mama na wadogo watatu, macho ya mama yako mbali na kamera, vidole vimegusa shavu, mkono wa nguo umechanika. Pembeni chini kuna kidole gumba cha mkono ulioshika nguzo ya hema. Kilimkera Lange, na mwaka 1939 akaagiza kifutwe kwenye negativi. Stryker alikasirika, kwa kuwa negativi ni mali ya umma. Ukitazama vizuri, kivuli cha kidole bado kipo.

Tarehe 10 Machi picha za kambi hiyo zilitoka katika gazeti la San Francisco News, na serikali ikapeleka chakula cha takriban tani 9. Kikafika wakati mama yule ameshaondoka na familia yake kutafuta kazi kwingine.

Jina lake halikujulikana kwa zaidi ya miaka 40, kwa sababu Lange hakuliuliza. Mwaka 1978 mwandishi wa gazeti la Modesto, California, alimfikia: Florence Owens Thompson, mzaliwa wa Oklahoma, Mcherokee. Alikuwa na uchungu. Alisema anatamani picha ile isingepigwa, kwamba aliambiwa haitauzwa, na kwamba hajapata hata senti moja. Familia yake ilipinga pia simulizi ya Lange kwamba walikuwa wameuza matairi ya gari ili wale. Kwa maelezo yao walikuwa safarini, gari likaharibika, na wanaume wa familia walikuwa wamemfuata fundi mjini.

Lange naye hakutajirika kwa picha hiyo, kwani alikuwa mwajiriwa na picha ni ya serikali, ambayo kila mtu anaruhusiwa kuitumia. Mwaka 1983 Bi. Thompson alipougua sana, watoto wake walitoa ombi hadharani, na wananchi walioijua sura yake wakachanga zaidi ya dola 30,000. Alifariki mwaka huohuo.

Fuvu la ng'ombe na kura

Picha ya serikali ina adui wa kudumu, naye ni uchaguzi. Mei 1936 Arthur Rothstein alikuta fuvu la ng'ombe lililokauka katika jimbo la South Dakota. Akalipiga kwenye ardhi iliyopasuka, kisha akalisogeza kama mita 3 kulipiga kwenye nyasi, akitafuta mwanga na kivuli. Agosti, Roosevelt akiwa kwenye ziara ya maeneo ya ukame na kampeni zimepamba moto, gazeti moja la Fargo likazigundua picha hizo na kutangaza kwamba serikali inazunguka na fuvu lake ili kutengeneza ukame wa bandia.

Ukame ulikuwa wa kweli, na mifugo ilikuwa inakufa. Lakini mita 3 zilitosha kuwapa wapinzani neno la kusema. Tangu hapo ofisi ilijifunza kuogopa kupanga vitu, ingawa kupanga kwenyewe hakukuisha. Mwenzake Shahn alichukua njia nyingine: alifunga kwenye kamera yake kitazamio cha pembeni, hivyo akaonekana anatazama barabara huku anawapiga picha watu waliokaa ubavuni mwake. Hakusogeza kitu. Wala hakumwomba mtu ruhusa.

Waliokatwa

Mambo mazito zaidi yalifanyika bila kugusa fuvu wala kiti. Katika barua ya mwaka 1937, Stryker alimwambia Lange apige wakulima wa kukodi weusi kwa weupe, ila mkazo auweke kwa weupe, kwa kuwa picha zao ndizo zitakazotumika zaidi. Alikuwa anapiga hesabu. Wabunge wa Kusini walikuwa na nguvu, wahariri walikuwa na mazoea yao, na picha ya mweusi mwenye njaa isingemfungua mtu pochi. Sera ya kuwasaidia maskini ilihitaji sura ambayo mweupe wa mjini angeiona kuwa ya ndugu yake. Ajabu ni kwamba sura iliyoifanya kazi hiyo kuliko zote ilikuwa ya Mcherokee, na watazamaji hawakujua.

Mwaka 1936, karibu na Clarksdale, Mississippi, Lange alipiga picha mbele ya duka la shamba kubwa. Mzungu mnene, msimamizi, amekanyaga bampa la gari kwa mguu mmoja na mkono kauweka gotini. Nyuma yake, barazani, wapo wanaume watano weusi. Picha nzima ina habari moja, nayo ni nani anamiliki nafasi na nani anasubiri. Mwaka 1938 mshairi Archibald MacLeish aliitumia katika kitabu chake cha Land of the Free. Humo mzungu yupo, bampa lipo, weusi wamekatwa. Aliyebaki anaonekana Mmarekani shupavu, huru, mwenye nchi yake.

Lakini negativi haikukatwa. Vivyo hivyo katika makabati hayo ipo picha ya Marion Post Wolcott ya Oktoba 1939, kutoka Belzoni, Mississippi: mwanamume mweusi anapanda ngazi za nje ya jumba la sinema kuelekea mlango wa watu weusi, tiketi senti 10, na chini yake mlango wa choo umeandikwa kuwa ni wa wanaume weupe pekee. Hakuna mkopo wa pembejeo ambao ungeliondoa tatizo hilo. Wolcott alizunguka peke yake kwa gari katika majimbo ya Kusini akipiga picha kama hiyo, na ofisi iliyoandika barua ya mwaka 1937 ikazipokea, ikazipa namba, ikaziweka.

Vita vinabadili maagizo

Marekani ilipoingia vitani, maombi yakabadilika. Mwaka 1942 Stryker aliwaandikia watu wake kwamba anataka nyuso zinazoonyesha imani na nchi, vijana viwandani, akinamama wenye furaha. Wazee, alilalamika, wamejaa mno kwenye faili kiasi kwamba Marekani inaonekana kituo cha kulelea wazee. Mwaka huo kitengo kilihamishiwa Ofisi ya Habari za Vita. Lange naye aliajiriwa na mamlaka iliyowahamisha Wamarekani wenye asili ya Kijapani kwa nguvu, akapiga mamia ya picha za familia zilizofungiwa lebo makotini kama mizigo. Jeshi likazizuia zisitoke mpaka vita vilipokwisha.

Stryker aliona faili lake litatawanywa. Mtu aliyemsaidia kuliokoa alikuwa MacLeish, yuleyule ambaye kitabu chake kiliwafuta wanaume watano wa Clarksdale, na ambaye sasa alikuwa Mkutubi Mkuu wa Maktaba ya Bunge. Mwaka 1944 mali yote ikahamia huko: zilizotumika, zisizotumika na zilizotobolewa. FSA yenyewe ilivunjwa mwaka 1946. Leo yeyote mwenye intaneti anaweza kuziona picha hizo bila malipo, akaitazama ya Lange nzima, akamhesabu kila mtu aliyekuwa barazani.

Ella Watson alikuwa na jina

Gordon Parks, kijana mweusi, alifika katika ofisi ya Stryker mwaka 1942 kwa ufadhili wa mfuko wa Rosenwald. Siku ya kwanza Stryker alimnyang'anya kamera na kumtuma akazunguke mjini, akanunue koti, ale mgahawani, aingie sinema. Kote alikataliwa, katika makao makuu ya taifa lililokuwa vitani dhidi ya ubaguzi wa Hitler. Akarudi na hasira. Akashauriwa azungumze na mama aliyekuwa anafagia ofisi hiyohiyo usiku.

Parks aliongea naye kabla ya kumpiga picha. Mama huyo alimsimulia habari za baba yake aliyeuawa na genge la wazungu na mume wake aliyepigwa risasi. Kisha akamsimamisha mbele ya bendera ya Marekani, fagio mkono mmoja na dekio nyuma yake. Stryker alipoiona alisema hiyo ni hati ya mashitaka, itawafukuzisha kazi wote. Hata hivyo alimwambia Parks aendelee naye. Kwa wiki kadhaa akamfuata nyumbani, kwa wajukuu, kanisani, dukani. Maelezo ya picha yanataja kila kitu: Bi. Ella Watson, mfagizi wa serikali, mshahara dola 1,080 kwa mwaka, utumishi miaka 26.

Hapo ndipo Parks alipomzidi Lange, pamoja na heshima zote anazostahili mpiga picha huyo. Picha ya Nipomo ilileta chakula na kumwacha aliyepigwa bila jina. Picha za Washington hazikuleta tani hata moja ya unga, lakini zimemwacha Bi. Watson na jina lake, kazi yake, hesabu ya mshahara wake na mtaa wake, vyote kwenye kumbukumbu za mwajiri aliyemlipa kidogo.

Leo kila wizara ina kitengo cha habari na kila mradi wa maendeleo huja kijijini na mpiga picha. Kulaumu kwamba wanatafuta picha za kuwapendeza wafadhili ni kupoteza muda, maana ndicho kilichowaleta, kama kilivyomleta Lange Nipomo. Cha kudai ni mambo mawili ambayo hata Stryker na panchi yake aliyatimiza nusu: aliyepigwa aandikwe jina, na faili lote lihifadhiwe na kufunguliwa kwa umma, pamoja na picha zilizomuudhi mkurugenzi. Mjukuu wa Ella Watson akiuliza bibi yake alifanya kazi gani serikalini, jibu lipo, na serikali ndiyo iliyolilipia.